Ushuhuda Nilioutoa Mapema

Alhamisi moja, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, nilisimama mbele ya ushirika wa akina mama kule mtaani Mbotela nikasema mtoto wangu amepona. Mtoto alikuwa hajapona. Mpaka leo nikisikia mtu akisema "Bwana asifiwe" kwa sauti ya juu, hutafuta mlango ulipo.

Alikuwa na miaka minne, mtoto wetu wa pekee, msichana. Alizaliwa na ule ugonjwa wa damu ambao sisi tuliotoka magharibi tunaujua sana: mtoto analia viungo, vidole vinavimba, macho yanageuka manjano. Daktari alituambia wazi kwamba hauponi, ila kwa vidonge vya kila siku na kliniki ya kila mwezi mtoto anaweza kukua. Basi tukawa watu wa kliniki. Mume wangu, karani wa reli, aliandika tarehe kwenye kalenda ya ukutani, nami nikawa wa kupanga foleni kwenye ile benchi ndefu ya mbao.

Halafu ikapita miezi mitatu bila maumivu. Kanisani kulikuwa na mama mshauri, mjane wa mchonga vinyago kutoka Ukambani, aliyechaguliwa kuwatembelea wenye shida. Alikuwa ameniombea tangu mtoto akiwa mchanga. Akaniambia, "Mama, usimnyime Mungu sifa zake. Simama ushuhudie."

Kwetu ushuhuda haukuwa mchezo. Ukishasema mbele ya ndugu, umesema. Wakikuona kesho unafanya kinyume, wanakujia nyumbani wawili wawili kukuuliza umeanguka lini. Ndiyo maana nilimuuliza, na vidonge je? Akajibu, "Ukirudi kliniki, utakuwa unamwambia Mungu nini?"

Nikasimama. Akina mama walipiga vigelegele, wakaimba, wakanishika mkono mmoja mmoja. Jioni hiyo mume wangu alipitia soko la Burma akaleta nyama, tukala kama watu wa harusi. Kadi ya kliniki nikaitia chini ya godoro. Hilo siwezi kumlaumu mtu. Mkono ulioisukuma ile kadi ulikuwa wangu.

Mvua ya masika ilipoanza, maumivu yalirudi. Nilimkanda kwa maji ya moto, nikaomba, nikasubiri siku mbili nzima, nikiogopa jirani ataniona na mtoto mgongoni nikielekea hospitali. Ndiyo, niliogopa jirani. Siku ya tatu mume wangu alimbeba bila kuniuliza. Mtoto alikata roho kabla hatujafika.

Baada ya mazishi walikuja wengi na maneno yao. Mungu amempenda zaidi, walisema. Niliwauliza kama wao hawana watoto wa kupendwa. Hawakurudi, wala sikuwatafuta. Mume wangu hakunilaumu hata siku moja, na hilo lilinitesa kuliko kofi. Mwezi ulipoisha alifunua karatasi ya kalenda, akaona pale alipokuwa ameandika "kliniki", akaenda kazini. Mimi sikuomba, wala sikuchana nywele. Nilichukua nguo ndogo za mtoto zilizokuwa safi, nikazifua kwenye bomba letu la pamoja, nikazianika, nikazianua, na kesho yake nikazifua tena. Majirani walikuwa wakinipisha bomba.

Mama mshauri alikuja Jumanne moja. Sikumfungulia. Alikaa kizingitini mpaka saa kumi, akaondoka. Jumanne iliyofuata, vivyo hivyo. Ya tatu nikafungua ili nimfukuze vizuri.

Hakutoa Biblia. Alitoa mkobani leso iliyofungwa fundo, akaifungua. Ndani kulikuwa na vidonge vyeupe.

"Vya presha," akasema. "Nameza kila asubuhi, huu mwaka wa sita. Pale kanisani hakuna anayejua. Na wewe nikakukataza. Sikuja kukuombea leo, mwanangu. Nimekuja unitukane."

Nami nikamtukana. Nilimtukana kwa Kiswahili, nikamtukana kwa lugha ya kwetu ambayo haijui hata neno moja, na nilipoishiwa nikaanza upya. Jirani alizima redio ili asikie vizuri. Mama yule alikaa kwenye kigoda, machozi yakimdondokea mikononi, asijitetee hata mara moja. Nilipochoka akasema, "Sasa mwambie na Yeye. Hivyo hivyo, usipambe."

Nikamwambia sithubutu kusema na Mungu namna ile.

"Basi unamdanganya tena," akasema.

Neno hilo lilinichoma. Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamwambia Mungu hasira niliyokuwa nayo juu yake, kisha nikamwambia nilichofanya mimi, kadi na godoro na jirani, yote. Sikupata amani. Nilipata usingizi, ambao sikuwa nimeuona kwa wiki nyingi. Yule mama akaendelea kuja kila Jumanne. Mimi nalia, yeye anachambua mboga nilizoziacha zikanyauka, na tunamwambia Mungu ukweli, basi.

Baada ya miezi mitano nilimwambia nataka kusimama tena mbele ya ushirika. "Nitakuja na vidonge vyangu," akasema.

Nilisimama palepale. Nikasema "Bwana asifiwe", wakaitikia. Nikasema, "Mtoto wangu hakupona. Nilishuhudia uongo, na nilipoogopa kuumbuka nikamwacha mtoto afe." Mama mshauri akasimama, akaifungua leso yake mbele ya wote. Mwenyekiti akaanzisha wimbo haraka haraka. Nikatoka nje nikijua kwamba pale sina tena ndugu, na kwamba nyumbani, mume akiwa kazini, hakuna anayenisubiri isipokuwa nguo kwenye kamba.

Karibu na bomba nilisikia viatu nyuma yangu. Alikuwa mama kijana wa benchi ya nyuma, ambaye sikumfahamu vizuri, na mtoto mgongoni. Hakunipa pole. Alimleta mtoto mbele, akanionyesha vidole vilivyovimba.

"Alhamisi ijayo ni zamu yangu kushuhudia," akasema. "Kliniki wanafungua saa ngapi?"

"Saa mbili. Lakini ukitaka kuonwa, fika saa kumi na mbili." Nilivishika vile vidole, vilikuwa vya moto. "Nitakupitia kesho asubuhi. Ile benchi naijua."