Sindano Niliyoitia Chumvi

Msinicheke mapema, ngojeni nifike penye suruali. Tangu siku ile nikiwaona wauguzi wanafunzi nabadilisha njia, maana wananijua zaidi ya nilivyotaka kujulikana.

Ilikuwa likizo, na Mama (yeye ni sista katika hospitali moja huku Kilifi) alikuwa akiwadunga wafanyakazi chanjo mpya ya ugonjwa wa ini, ule unaoambukizwa kwa damu. Dawa ililetwa ndani ya sanduku la barafu kutoka Mombasa na jioni lazima sanduku lirudi, asiyedungwa shauri yake. Basi mimi, badala ya kukaa nyumbani na hesabu zangu, nikampitia Mzee Kazungu, dobi wa hospitali na mtani wangu mkubwa.

"Shikamoo babu. Sindano nimeiona! Ndefu kama mwiko wa sima, na wadungwa matakoni mbele ya watu."

(Uongo mtupu. Ni ya mkononi.)

Nilingoja anitukane tucheke. Akaweka shuka chini, akatoka kuwaambia wenzake, na chai ya saa nne haijapoa, madobi, wafagiaji na wapishi walishatoweka wote, Mama kabaki na pamba yake.

Hapo kicheko kikanikauka, kwa sababu dobi mmoja, mwenzake Mzee Kazungu, alichomwa na sindano iliyosahaulika ndani ya shuka, na sasa alikuwa amelazwa kwa ugonjwa huo huo, macho ya manjano kama bizari. Shuka za wadi zile zile ndizo anazofua mzee.

Mimi na Mama tulimkuta kajifungia stoo ya sabuni.

"Mzee Kazungu, fungua tafadhali," Mama akamsihi. "Nani kakutisha?"

"Mwanao! Na adungwe yeye kwanza, nione."

"Chanjo hii ni ya wafanyakazi tu," nikasema upesi, kwa adabu zote.

"Kweli," Mama akasema. "Lakini juzi ulikanyaga msumari kule Bofa ukaikimbia sindano ya pepopunda. Na hiyo, mwanangu, ni ya matakoni."

Lo! Waliojificha wakafumka kama kumbikumbi, na wauguzi wanafunzi nao hao, nami nimevaa suruali ya bugaluu ya kaka, imenibana hata kuivua wahitajika watu wawili (walijitolea wanne), na sindano haijanigusa nikalia kama mbuzi wa Idi, "Mama nafa!" huku nimemng'ang'ania Kazungu shingoni.

Mzee alicheka hadi akakaa chini. "Kumbe we mdomo tu, mjukuu wangu!" Akakunja shati, akanyoosha mkono. "Haya sista, nidunge, kabla huyu hajazimia." Wenzake wakapanga foleni nyuma yake, wakijifuta machozi.

Nikadhani yamekwisha. Kumbe chanjo ile hudungwa mara tatu, na Mama aniambia madobi wameshauliza kama mwezi ujao nitakuwepo, waje mapema wapate pa kusimama. Mzaha wa sindano nimeupa talaka. Mwezi ujao nitakuwa Kuruwitu kwa shangazi, shule ifunguliwe isifunguliwe, na atakayewaambia madobi si rafiki yangu.