Nyuma ya Shuka la Sinema

Gari la sinema likija Muhuru Bay lilisimama kwenye uwanja ambapo mama zetu walianika omena, dagaa wa ziwani. Shuka jeupe lilifungwa kwenye nguzo mbili. Wakubwa walikaa mbele. Mimi na kaka yangu tulikaa nyuma, upande wa ziwa, ambako picha huonekana kinyume, na kila mtu ndani yake hupiga ngumi kwa mkono wa kushoto. Hatukujali. Nguo zilinuka omena siku nzima iliyofuata.

Kaka alipokua akawa mtafsiri. Alishika kipaza sauti akageuza maneno kuwa Kijaluo, na asiloelewa alilitunga. "Huyu anamwambia shemeji yake arudishe ng'ombe!" Watu walicheka hadi machozi. Hakuna kazi nyingine aliyoipenda.

Kisha baba yetu mdogo akauzungushia uwanja mabati. Ulikuwa wa ukoo, lakini aliuandikisha kwa jina lake. Kaka alimwendea mbele ya wazee.

"Baba, tuachie jioni moja tu, gari likija."

"Nenda ukawatafsirie samaki."

Wazee walicheka. Gari lilikuja, likakuta mabati, likageuka. Halikurudi tena. Kaka akaenda Masara kuchimba dhahabu, na shimo likamfunika. Baba mdogo alikuja kumzika, akalia kutushinda sote.

Kwetu mwanamke akifika matangani huanza kulia akiwa bado langoni, kwa sauti, akimsifu marehemu. Mimi najulikana kwa kilio. Watu hunifuata kutoka hata Oyugis. Mwaka huu baba mdogo alipokufa, wanawe walikuja kwangu.

"Dada, tulilie mzee. Bila wewe matanga yatapoa."

"Nitakuja," nikasema.

Nilienda. Wanawake waliponiona langoni walinyamaza, wakingoja nianze. Nikaingia kimya, nikalipita jeneza bila kusimama, nikaketi. Mjane wake aliniangalia, akaelewa, akainamisha kichwa. Mzee mmoja akaninong'oneza, "Lia basi, mwanangu, hata kidogo."

"Sina machozi yake, baba."

Walipoleta ugali na nyama nilikula, nikaomba niongezwe. Watu wanasema nilimwaibisha marehemu mbele ya wageni. Ndivyo nilivyokusudia. Nilidhani moyo ungetulia baada ya hapo, haukutulia. Lakini hata angekufa mara ya pili, ningenyamaza vilevile.