Lugha ya Kukamulia

Juzi mnadani Tarime nilimsikia mama mmoja akimbembeleza ng'ombe kwa Kijaluo, nikamkumbuka Robi, mke mdogo wa baba yangu, kule Nyanungu.

Robi alikisema Kikurya kutuzidi sisi tuliozaliwa nacho. Lakini alasiri moja, nikiwa nimejibanza nyuma ya zizi, moshi wa samadi ukiniwasha macho, nilimsikia akinong'ona Kijaluo. Siku zile ng'ombe walikuwa wanaibwa, na watu walisema wezi ni Wajaluo. Nikajua tu, anawaelekeza wezi waliojificha nje ya ua! Nikakimbia kwa baba.

"Wewe Bhoke," baba akasema, "ukidanganya nakuchapa. Ikiwa kweli, Robi anaondoka leo leo."

Akachukua rungu, tukanyata. Nje ya ua hapakuwa na mtu. Robi alikuwa anakamua, paji la uso kalilaza kwenye ubavu wa ng'ombe, kibuyu kinatoa povu. Alipotuona akanyamaza.

"Unaongea na nani?"

"Na huyu ng'ombe, mzee. Mama yangu alikamua hivyo. Nililetwa huku kutoka Ujaluoni nikiwa mdogo kama Bhoke. Maneno mengine ya kwetu nimesahau, yamebaki haya ya kukamulia."

Baba alishusha rungu. "Haya, malizia."

Robi hakuondoka. Ila tangu siku ile, kabla ya kukamua, alikuwa anachungulia kwanza nyuma ya zizi. Mimi nilidhani sasa na yeye anawaogopa wezi. Kumbe alikuwa ananitafuta mimi.