Sponji Ndani ya Koti

Kuna siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu. Nakusimulia leo kwa sababu jana nilikuta vidonge vya kunenepesha mwili chini ya mto wako. Usikasirike, nilikuwa natafuta shuka tu.

Nilikuwa na umri wako, mwembamba kama wewe. Nilimpenda Godelive, binti wa mtaa wa Kamalondo. Kwao nilikuwa nimekwisha kujitambulisha, mahari ndiyo ilikuwa bado. Lakini kaka zake walikuwa na vifua vipana, nami nikijitazama kwenye kioo nilijiona si mtu. Basi nikamwendea fundi cherehani, nikamwomba ashone sponji ndani ya koti langu, mabegani na kifuani. Alicheka, akashona. Weee! Nilipolivaa nilitembea katikati ya barabara.

Wiki haikuisha, babu yake Godelive akafariki. Unajua desturi yetu: kwenye kilio, mkwe hakai kwenye kiti. Anapasua kuni, anachota maji, hata kama mahari bado, na hapo ndipo familia inapomtazama vizuri. Mimi nikafika na koti langu, jua la mwezi wa kumi linawaka, shoka linaningoja. Nikilivua, wote wataona sponji na wataniona mimi. Nikipasua kuni nalo, mshono utaachia. Nikasema nina malaria.

Siku mbili nzima nilikaa kwenye kivuli cha turubai, jasho linanitiririka, mama zake wakibeba kuni wenyewe. Godelive alinipita na ndoo kichwani, hakunitazama. Aibu ile, mwanangu, mpaka leo inaniuma.

Siku ya tatu baba yake aliniita kando. Hakupandisha sauti.

“Mutoto, koti yako tuliiona muzuri. Weye, hatuyakuona bado. Rudia kwenu, na usirudi tena hapa.”

Nikaenda zangu.

Miezi ikapita, dada yangu akakutana na Godelive sokoni. Godelive akamwambia kwamba tangu siku ya kwanza alijua mimi ni mwembamba, na kwamba alinipenda hivyo hivyo. Kilichomshinda ni kuniona nimekaa siku zile wao wanalia. Wakati huo alikuwa ameshachumbiwa na mwingine.

Mama yako anaijua habari hii, na bado ananicheka.

Basi nisikilize. Vidonge vile vitakuvimbisha mashavu leo, kesho vitakuharibia figo, halafu nani atakupenda zaidi? Ukitaka nguvu, kula vizuri, fanya kazi, cheza mpira na wenzako. Na siku watu watakapokuhitaji, simama uwasaidie na mwili huo ulio nao, hata wakicheka. Usikae kando kwa ajili ya kuficha mbavu.

Mungu akupe afya, mwanangu, na akupe watu wanaofurahi ukiingia mlangoni, vile vile ulivyo.