Kulungu Aliyevuka Ua wa Bwana Mkubwa

Wajukuu wangu hawapendi nikianza habari hizi. Wananisikiliza kwa Kipunjabi na Kiswahili changu kilichochanganyika, wananijibu kwa Kiingereza, na jibu lao ni lilelile: Babu, huo ulikuwa ukatili. Sawa. Wao nyama wanaikuta dukani imelala ndani ya plastiki, haina macho wala kwato, na nadhani wanaamini ilizaliwa hivyo. Mimi nimewinda kulungu kwa mbwa katika nchi hii, mchana kweupe, kwa ruhusa ya mwenye shamba, wakati sheria ilikuwa bado haijakataza. Siku hizi imekataza, na siwindi. Lakini kuona haya? Haya sina.

Nilitoka Kisumu na sanduku la vifaa. Randa, patasi, misumeno miwili, na panga la baba yangu nililolifunga ndani ya blanketi. Shule niliiacha darasa la nne. Watu wengi wa rangi yangu walioingia Landani miaka ile walikuwa na duka walilouza huko nyuma, au walikuwa na vyeti. Mimi nilikuwa na mikono. Nimetundika milango Thamesmead wakati pale palikuwa matope na saruji tupu, na upepo wa mto unakupiga mpaka kwenye meno. Msimamizi wa mjengo alitaka nivue kilemba nivae kofia ya plastiki. Nikamwambia milango ni mingi, mafundi ni wachache, achague. Alichagua.

Kulungu wa kwanza nilimwona kutoka ndani ya gari la kazi, asubuhi ya baridi, katika msitu ulio juu ya Ilford. Alitoka kwenye ukungu akasimama katikati ya barabara, pembe zimechanua kama matawi, pumzi inamtoka kama moshi wa chai. Nilizima injini. Nyuma yangu wakaanza kupiga honi. Niliwaacha wapige. Tangu nishuke kwenye ndege sikuwa nimekutana na kitu katika nchi hii ambacho nilijua la kukifanyia. Mvua yao sikuijua, mkate wao sikuujua, tabasamu zao sikuzijua maana yake. Huyu nilimjua. Kwetu hakuna wa namna yake, lakini nilijua atakimbilia wapi, nilijua mbwa angempita upande gani.

Basi nikatafuta mbwa. Nilimpata kwa mtu aliyekuwa akifuga mbwa wa mashindano. Jike, rangi ya majivu, nusu mbwa wa mbio, nusu mbwa wa kuchunga kondoo. Alikataliwa kwenye mashindano kwa sababu alikuwa na akili: aliona sungura wanayefukuzishwa uwanjani ni wa bandia, akakaa chini. Mwenyewe alinieleza hivyo kwa hasira. Nikasema huyo ndiye ninayemtaka. Mke wangu alimpa mbwa kona ya jikoni kabla hajanipa mimi chakula, na nilijua hapo kwamba amekuwa mtu wa nyumba.

Rafiki yangu wa kuwinda alikuwa Mzanzibari, kondakta wa basi, mmoja wa wale waliokimbia kwao baada ya mapinduzi. Tulijuana ndani ya basi lake. Abiria mmoja alinikanyaga mguu, nami nikamtukana kwa Kiswahili cha karakana nikidhani hakuna anayesikia. Kondakta akageuka, mkono ungali kwenye kengele.

"Singasinga wee! Mdomo huo umeutoa wapi?"

"Kisumu."

"Nilijua. Matusi ya bara hayana hata adabu ya kuzunguka."

Tangu siku hiyo hatukuachana.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo watu wa siku hizi hawaelewi. Yeye Mwislamu, mimi Singasinga. Yeye hali nyama mpaka mnyama achinjwe kwa jina la Mungu wake, koo likatwe, damu itoke, uso ukielekea kibla. Mimi nyama iliyochinjwa hivyo siruhusiwi kuitia mdomoni. Yangu ni ya pigo moja: panga linashuka mara moja, shingo inakwenda, mnyama hana habari. Watu wawili wa namna hiyo wanawindaje pamoja? Kwa zamu. Ndivyo Wahindi na Waswahili walivyowinda kule kwetu tangu zamani, bila mkutano wala kamati. Mnyama wa kwanza ni wako, anayefuata ni wangu. Wa kwako nakushikia miguu na sionji. Wa kwangu unanishikia miguu na huonji. Tukirudi nyumbani, mmoja ana nyama na mwingine ana njaa, na hakuna aliyemdharau mwenzake.

Mkulima mmoja wa Essex nilimtengenezea milango ya ghala. Kulungu walikuwa wakiimaliza ngano yake changa, tena wanamenya magome ya miti yake ya matunda. Alipomwona mbwa wangu garini, akaniuliza kama anajua kazi. Nikamwambia anajua kuliko mimi. Ikawa Jumapili za baridi tunakwenda kwake. Lakini alituonya tangu siku ya kwanza, akionyesha kwa kiko chake ule ua wa miiba chini ya bonde.

"Mimi naishia pale," alisema. "Ng'ambo ile ni ya Bwana Mkubwa. Ameapa kwamba mbwa yeyote wa kigeni atakayevuka atampiga risasi. Na atampiga. Mwaka jana alimpiga wa kwangu."

Huyo Bwana Mkubwa mwenyewe alikuwa mwindaji. Tulimwona kwa mbali, koti jekundu, farasi mrefu, kundi la mbwa mbele yake likipiga kelele kama soko. Mbwa wake wakivuka mashamba ya watu, hiyo ni mila. Mbwa wangu mmoja akivuka, huo ni wizi. Wewe niambie tofauti iko wapi. Nimeitafuta miaka yote hii sijaiona.

Siku yenyewe ilikuwa zamu ya Mzanzibari. Binti yake alikuwa anaolewa na alitaka nyama ya biriani. Alikuja na kisu chake kimefungwa kwenye leso, suruali ameipandisha mpaka karibu na magoti, anatembea upande ambao upepo hautamletea harufu ya mbwa.

"Mshike huyo, nna udhu."

"Udhu wa nini kwenye matope?"

"Wa kumwomba Mungu aniepushe na wewe."

Dume changa lilikuwa kwenye ngano. Mzanzibari akasoma Bismillahi yake, mimi nikamfungua mbwa. Wewe hujawahi kuona kitu kama kile. Hakubweka. Alikwenda chini, tumbo karibu liguse ardhi, na kulungu alipoinua kichwa alikuwa amekwisha chelewa. Wakapinda pamoja, wakapinda tena, akamwangusha. Lakini ardhi ilikuwa na barafu. Mbwa aliteleza, kulungu akainuka, na alipoinuka niliona mguu wake wa nyuma unaning'inia. Akakimbia kwa mitatu mpaka kwenye ua, akaurukia, akapita. Mbwa wangu akapita nyuma yake.

Mzanzibari alisimama. "Basi," akasema. "Imekwisha."

Haijakwisha. Baba yangu alitufundisha: mnyama uliyemjeruhi ni wako mpaka roho imtoke. Humwachi afe polepole kichakani eti kwa sababu umefika mtoni, ama relini, ama kwenye shamba la mzungu. Na mbwa wangu alikuwa ng'ambo kwa mtu aliyeapa. Niliingia kwenye ua ule kwa kichwa, panga la baba mkononi. Miiba ilishika kilemba, nikavuta, nikatokea upande wa pili ncha yake ikining'inia mgongoni kama mkia.

Nikawaona. Kulungu alikuwa amejibanza kwenye ukingo wa bwawa, mbwa amemsimamia mbele, hamng'ati, anamzuia tu. Hivyo ndivyo nilivyomfundisha. Na kutoka kwenye miti alikuja Bwana Mkubwa kwa miguu, bila koti jekundu safari hii, bunduki ya mitutu miwili tayari begani. Imemwelekea mbwa.

Nilikimbia. Sijui nilikimbiaje na viatu vile. Nilisimama kati ya bunduki na mbwa, nikampa Bwana Mkubwa uso, na jambo la kwanza nililofanya ni kuchomeka ncha ya kilemba mahali pake. Sizungumzi na mtu nikiwa nimelegea kichwani.

"Ondoka hapo," akasema. "Nampiga mbwa."

Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha mjengo. "Huyu mbwa yuko kazini. Mkubwa wake ni mimi. Malalamiko yanakuja kwangu."

"Uko kwenye ardhi yangu."

"Najua. Kulungu anaumia. Tummalize kwanza, halafu tugombane."

Panga lilikuwa mkononi mwangu. Pigo moja, basi. Lakini haikuwa zamu yangu. Nikimkata mimi, biriani ya harusi haipo. Na nikisogea hatua kumfikia kulungu, mbwa anabaki wazi. Nikapaza sauti bila kumgeuzia macho mwenye bunduki.

"Mzanzibari! Njoo! Zamu yako!"

Kutoka nyuma ya ua: "Mkate wewe!"

"Nikimkata hamli!"

"Bora njaa, yakhe! Yule ana bunduki!"

"Binti yako ataolewa kwa dengu!"

 Kisha nikasikia miiba inavunjika na mtu anaomba maghufira kwa kila mwiba. Akatokea, matope mpaka kiunoni, kisu kwenye leso. Alimzunguka mbwa kwa mbali, bunduki iwepo isiwepo. Akamshika kulungu pembe, nikamsikia anahema. Halafu akasimama.

"Kibla wapi?"

"Nini?"

"Kibla! Jua halipo, nimepotea pande. Simchinji ovyo ovyo."

Mungu ni shahidi wangu, nilitaka kumpiga yeye kwa panga. Lakini mtu huyu alikuwa kondakta, kazi yake ni kuulizana njia na Waingereza kutwa nzima. Akamgeukia Bwana Mkubwa, akaweka ile sauti yake ya basini, ya heshima tupu: samahani, bwana, kusini mashariki ni upande gani?

Na yule mtu akamwonyesha. Kwa nini, sijui. Nadhani Mwingereza akiulizwa njia mkono unakwenda wenyewe, kama sisi tukisalimiwa. Na kwa kuwa mkono ulikuwa na bunduki, alionyesha kwa bunduki. Mitutu ikahama kutoka kwetu ikaelekea kule mbali, juu ya bwawa, kwenye miti mirefu ya mipopla.

"Ahsante sana," Mzanzibari akasema, akamgeuza kulungu, akasoma, akachinja. Kisu chake kilikuwa kikali, hilo nampa. Mnyama alitulia. Nami wakati ule nilikuwa nimekwisha mtia mbwa kamba shingoni na kuizungusha kwenye ngumi yangu mara mbili.

Bwana Mkubwa alipozinduka uso ulikuwa mwekundu kama koti lake. Akasema kulungu ni wake, amefia kwenye ardhi yake. Akasema mbwa nimwache hapo hapo. Akasema sisi wawili turudi kwenye tundu tulilotokea kabla hajaita polisi.

Nikamjibu kwa mpango. "Kulungu chukua. Amechinjwa kwa jina la Mungu, hatakudhuru."

"We!" Mzanzibari akanong'ona. "Biriani yangu!"

"Nyamaza," nikamwambia, kisha nikamgeukia Bwana Mkubwa. "Mbwa anaondoka na mimi. Ukitaka kumpiga, mpige akiwa ameshikwa kamba na mwenyewe, mbele ya shahidi ambaye ni mtumishi wa mabasi ya Landani. Na kwenye tundu sirudi. Mimi si sungura. Lango lako liko wapi?"

Alinitazama. Nikamtazama. Sikuwa na kitu katika nchi hii wakati huo: nyumba ya kupanga yenye unyevu ukutani, gari linalokataa kuwaka, Kiingereza cha kuazima. Nilikuwa na mbwa yule. Kama angempiga, ningebaki hapo nimesimama, na mpaka leo ningekuwa nimesimama hapo. Hakupiga. Nikaanza kutembea kuelekea nyumba yake.

Ilikuwa nyumba kubwa, madirisha mengi, njia ya kokoto inayopita mbele ya ngazi. Tulipita katikati ya njia. Kokoto zililia chini ya viatu vyetu, na kwenye madirisha nikaona nyuso, mwanamke mwenye kikombe, wapishi wawili. Mzanzibari alikuwa akivuja maji na kusoma kila alichokikumbuka.

"Twende pembeni, yakhe. Tunawachafulia."

"Tembea katikati."

"Anatufuata."

"Mwache afuate. Ni kwake."

Alitufuata kweli, hatua zake nyuma yetu, mpaka kwenye lango. Lango la chuma, zito, limefungwa kwa komeo. Mkono wangu mmoja ulikuwa na kamba, mwingine na panga. Mzanzibari alikuwa na kisu chenye damu na hakutaka kugusa mali ya mtu. Tukasimama. Sikuomba. Niligeuka tu nikamngojea.

Bwana Mkubwa akaiegemeza bunduki yake ukutani, akainua komeo kwa mikono miwili, akavuta lango mpaka mwisho. Mbwa akatangulia.