Mishono Iliyonyooka

Jirani yetu wa kijijini Kakese, fundi cherehani, alikuwa na tabia ya kufumua mishono iliyonyooka. Aliinua nguo, akaitazama kwa pembeni kama mtu anayemwonea haya mkwewe, akasema, "Imepinda hii," kisha akachukua wembe. Nami, niliyetoka chuoni juzi tu, nilimtania: "Mama fundi, utafumua mpaka lini?" Alicheka, akashona upya. Mwaka mzima nilitania hivyo.

Daktari bingwa wa macho alipofika Mpanda, nilimpeleka mama fundi kwake. Alionyeshwa karatasi ya mistari iliyonyooka, akaulizwa ipi imepinda. "Yote," alijibu. Daktari akasema kovu limeshakaa katikati ya retina, nyuma ya jicho. Angewahi, pengine sindano zingesaidia.

Alinigeukia, macho yakielekea sikioni kwangu. "Kumbe ile mishono ilikuwa imenyooka, mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Yote?"