Alama Nyekundu kwa Mama Mwikali

Siku ile haijanitoka, mwanangu, na miaka yote hii imepita. Ilikuwa Jumapili, hapo mtaani Kariobangi, miaka ya tisini, nami nilikuwa na umri wako: miaka kumi na minne na ujuaji mwingi. Jana umeniuliza kwa nini kile kitabu kikuukuu kisicho na jalada nakiweka kabatini pamoja na Biblia, na kwa nini nikasema ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Kaa basi nikueleze. Na hiyo simu iweke chini, haitatoroka.

Mama yangu alikuwa anauza mitumba soko la Gikomba. Siku moja alifungua robota la makoti ya watoto, akakuta katikati kitabu kinene cha Kiingereza. Jalada lilikuwa limechanika, jina la kitabu halipo, la mwandishi halipo. Akaniletea, akasema labda kitaninyoosha Kiingereza. Nikakifungua jioni hiyohiyo, na hadi wa leo sijui kama nimewahi kukifunga.

Kilisimulia mji wa siku zijazo ambako kila mwaka wakubwa waliketi wakaamua kwamba watu wamezidi. Kisha walituma wachoraji wapite wakitia alama kwenye milango ya waliozidi. Ukichorwa, kufikia asubuhi uwe umeondoka. Majirani hufunga madirisha, na kesho yake ukiwauliza wanakwambia hawakuwahi kumjua mtu kama huyo. Hakuna anayelia. Ni msichana mmoja tu, jina lake Anka, aliyekuwa akizunguka na ndoo na kitambaa akifuta zile alama kabla wenye nyumba hawajaamka.

Wee! Mwanangu, nilishtuka nikakiweka kitabu kitandani nikakitazama kwa mbali. Unajua kwa nini? Kwa sababu nilizijua zile alama. Kuna mtu huko ng'ambo alikaa akabuni jambo la kuogofya litakalotokea siku moja, na mimi nililipita kila asubuhi nikienda shule. Vibanda vya kando ya barabara vilikuwa vikichorwa na watu wa jiji X ya rangi nyekundu, na X ilimaanisha tingatinga linakuja. Lini? Hakuna aliyejua. Leo, kesho, wiki ijayo, linakuja tu.

Kitu kingine kilichonivutia ni kwamba aliyeona ubaya wa mambo yale alikuwa mtoto. Watu wazima wa mji ule walikuwa wamezoea. Na wa kwetu walikuwa wamezoea pia. Mwenye kibanda akiiona ile X hakupiga kelele, alitafuta nyundo. Alibomoa mwenyewe, msumari kwa msumari, kwa sababu tingatinga likitangulia linakunja mabati yote na mbao zinakuwa kuni. Ukiwahi, angalau unabeba mabati yako ukajenge kwingine. Mimi niliona huo ni woga. Nilisema moyoni, hawa hawana Anka wao.

Umeanza kutabasamu. Ngoja, usitabasamu bado.

Ng'ambo ya barabara kutoka kwetu palikuwa na Mama Mwikali, mjane wa Kitui, mwenye kibanda cha chai na mandazi, na saa sita muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, kwa mafundi wa jua kali. Alikuwa mama wa kanisa hasa. Jumapili hakuwasha hata jiko, alivaa kitambaa chake cheupe akashinda kanisani hadi jioni. Mabati yake yalikuwa na matundu mengi ya misumari kwa sababu yalikuwa yameshajengewa kwingine mara mbili. Wakati mmoja, alituambia, alichelewa, akaangalia tingatinga likipita juu ya masufuria yake. Aliapa hatachelewa tena. Mimi nilikuwa nimekaa pale kwenye benchi lake, nala mandazi yake, nikayasikia maneno hayo kwa masikio yangu mwenyewe.

Baba yangu alikuwa akitengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni, kwa hivyo rangi nyekundu ilikuwa kwetu kama vile chumvi. Jumapili hiyo mimi na rafiki yangu Njoki tukatoroka shule ya Jumapili na kopo na brashi. Maana Anka hufuta alama, sivyo? Na mlango wa kufuta sikuwa nao, kwa maana wote waliochorwa walikuwa wameshabomoa. Basi nikaona nichore mwenyewe, kisha saa nane nirudi na mafuta taa nifute, Mama Mwikali arudi jioni akute mlango wake safi, asijue kwamba ameokolewa. Haki ya Mungu, hivyo ndivyo nilivyofikiri. Akili yangu yote ya darasani iliishia hapo.

"Wee, na tukishikwa?" Njoki aliniuliza, ameshika kopo.

"Nani atatushika? Wote wako church."

Nikachora. Mstari mmoja, mstari wa pili. Nilirudi nyuma nikaitazama ile X, nikaona imetoka vizuri kuliko za watu wa jiji.

Nyumbani nikakuta wageni, shangazi zangu wa Murang'a. Chapati zikapikwa, nikaambiwa nioshe vyombo, nikaosha, nikaambiwa nisalimie, nikasalimia. Saa nane ikapita. Saa tisa ndipo nilipochomoka, nikampitia Njoki, chupa ya mafuta taa mkono huu, kitambaa mkono ule, nikijiona shujaa.

Mwanangu, nilifika barabarani.

Kibanda hakikuwepo. Pale kilipokuwa palikuwa na udongo mkavu na benchi moja. Wanawake wa kanisani, vitambaa vyeupe kichwani, nguo zao za ibada zimejaa vumbi, walikuwa wanang'oa misumari na kuinyoosha kwa mawe. Mlinzi wa gereji ya jirani alikuwa ameiona ile X akakimbia kanisani, na mahubiri hayajaisha akina mama wakatoka wote. Na Mama Mwikali, yeye asiyewasha jiko Jumapili, alikuwa amekunja marinda akifunga mabati juu ya mkokoteni. Bati la juu kabisa lilikuwa lile lenye X yangu. Rangi ilikuwa bado haijakauka, ilikuwa imempaka kiganjani.

Njoki alikuwa nyuma yangu. Nilipogeuka, hayupo.

"Mwanangu," Mama Mwikali akaniita, "unaenda wapi na mafuta taa?"

Akatazama chupa. Akatazama kitambaa. Kisha akatazama kucha zangu, na kucha zangu zilikuwa nyekundu. Aligeuza kiganja chake akakitazama, akanirudia mimi. Sikuwahi kuona mtu akiambiwa jambo polepole namna ile bila mtu kusema neno.

"Ni mimi," nikasema. "Nilitaka kuifuta."

"Ulitaka kuifuta."

"Ni kitabu, Mama. Kuna msichana kwenye kitabu."

Nyundo zikanyamaza. Mama mmoja akasema, "Yesu wangu!" na mwingine akacheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye hajui afanye nini na uso wake. Mama Mwikali aliketi kwenye benchi. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Nikapayuka, nikasema basi tujenge tena, hapa hapa, nitaita baba, nitashika misumari mimi mwenyewe. Naye akanyoosha kidole bila kuangalia. Upande wa pili wa ule udongo mkavu palikuwa pameshasimama nguzo nne mpya na magunia matatu ya makaa. Kwetu pahali pakiachwa wazi hapalali bila mwenyewe. Baba alipokuja na kusikia, alinishika mkono tukaenda kwa yule muuza makaa. Baba yangu, mtu wa maringo yake, alimwomba arudishe pahali pale, kofia ikiwa mkononi.

"Mimi nimekuta pahali wazi," yule bwana akasema. "Nilichora mimi?"

Hakuchora yeye. Baba akavaa kofia, tukarudi.

Baba akampa Mama Mwikali nafasi mbele ya karakana yake, pembeni ya mtaro. Cheche za kuchomea vyuma zilimrukia, na mandazi yalinuka rangi. Mafundi walikula siku mbili tatu kwa kumwonea huruma, kisha wakaanza kukatia kona nyingine. Mimi adhabu yangu aliipanga yeye mwenyewe: kila nikitoka shule nioshe vikombe, kisha nimsomee hicho kitabu. "Nataka kumjua huyo aliyenihamisha," akasema.

Nikamsomea, Kiingereza nikikigeuza kuwa Kiswahili, yeye akikanda unga. Alisikiliza vizuri kuliko mwalimu yeyote. Anka alipokaribia kukamatwa, Mama Mwikali alisahau mandazi yakaungua. Tulipofika pale anapofuta mlango wa kwanza, akasimamisha mikono ndani ya unga.

"Hebu rudia. Ule mlango, nani aliuchora?"

"Wakubwa."

"Si yeye?"

"Si yeye, Mama."

"Haya. Endelea kusoma."

Nilitamani mtaro ule unimeze.

Tulimaliza mvua za vuli zilipokuwa zimeanza. Wakubwa wameanguka, Anka amesimama kwenye uwanja, watu wanamshangilia. Nilikuwa nimekisoma mara tatu na bado machozi yalinitoka. Nikamwangalia Mama Mwikali nione yake. Hakuwa analia. Alikuwa anangoja.

"Na wale waliochorwa?" akauliza. "Wale wa mwanzo, kabla huyo msichana hajaanza kufuta. Walienda wapi?"

Nikafungua kitabu. Nikapekua mwisho, nikapekua katikati, nikarudi ukurasa wa kwanza, yeye akinitazama. Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka siku ya kwanza kukisoma, kuliko hata siku ile ya nguzo nne. Hakikusema. Waliondoka asubuhi na vitu vyao, na kuanzia hapo kitabu kizima kilikwenda na Anka, nami nilikwenda naye, mara tatu, sikuwahi hata kuwaulizia.

"Hakisemi, Mama."

"Haya," akasema. "Osha vikombe."

Wiki iliyofuata nilitoka shule nikakuta pale mbele ya karakana hapana mtu. Baba alikuwa amekwenda kununua mabati, hakumwona akiondoka. Fundi mmoja alisema amerudi Kitui, mwingine akasema amepata pahali mtaani Pipeline, mwingine akasema, mama gani? Nilikwenda kanisani kwake kuuliza, wakaniambia hakuaga. Nilipokua na kupata mshahara wangu nilimtafuta. Sijampata. Mama Mwikali alienda wapi? Mwanangu, kitabu hakisemi, na mimi pia sijui.

Kwa hiyo nakipenda, ndiyo, na wewe kipende. Kisome hata kesho. Kilinifungua macho nikaona kwamba jambo lililozoeleka mtaani kwetu lilikuwa ubaya mtupu, na mtoto anaweza kuliona kabla ya wakubwa. Hilo sitakinyima. Lakini nisikilize. Usimtengenezee mtu hofu ili upate nafasi ya kumwokoa. Ukitaka kusaidia, anza kwa kumuuliza yeye mwenyewe anaogopa nini, maana Mama Mwikali alikuwa ameniambia nikiwa mdomo umejaa mandazi. Na kila hadithi utakayoipenda, hata iwe tamu namna gani, ukifika mwisho na watu wanashangilia, uliza wale wa mwanzo walienda wapi. Usipoambiwa, toka nje ukawatafute. Ukichelewa kama mimi, utabaki na kitabu tu.

Lete mkono wako. Mungu akupe macho ya kuona alama kwenye mlango wa mwenzako, na mkono usiochora. Mlango wako asiuguse mtu. Na ukikutana huko duniani na mama mzee wa Kitui mwenye mabati yenye matundu mengi, kaa kwenye benchi lake, nunua mandazi, umwambie bado namtafuta.